Jinsi ya Kusaidia Mlei Mtetezi wa Wanyonge Atangazwe Mtakatifu: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Dorothy Day

Watu wengi wakisikia kwamba mtu fulani "ameingia kwenye mchakato" hudhani kazi iliyobaki ni kusali na kusubiri tangazo kutoka Roma. Kusali ni lazima. Ila mchakato wa kumtangaza mtu mtakatifu huendeshwa kama kesi: una mdai, una hakimu, una mashahidi walioapishwa, una makaratasi, na una padri aliyepewa kazi ya kuuliza maswali magumu. Kesi isiyo na ushahidi hulala kabatini hata kama nusu ya nchi inamlilia marehemu kila siku. Nimeandika haya kwa ajili ya mwanajumuiya, mkatekista, mama wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania) au kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) anayetaka mchango wake ufike mahali unapohesabika.

Mfano nitakaoutumia ni wa Dorothy Day wa New York, kwa sababu karibu kila ugumu unaoweza kumkuta mlei mwanaharakati umemkuta yeye. Alizaliwa Brooklyn tarehe 8 Novemba 1897, akawa mwandishi wa habari kwenye magazeti ya mrengo wa kushoto, akalala jela mwaka 1917 kwa kudai wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Aliishi na mwanaume bila ndoa, na kabla ya hapo alikuwa ametoa mimba. Mwaka 1926 alimzaa binti yake Tamar, na mwaka 1927 akabatizwa. Tarehe 1 Mei 1933 yeye na Peter Maurin walianza kuuza gazeti la Catholic Worker kwa senti moja, kisha wakafungua nyumba za kuwapokea wasio na makao na kuwapa chakula. Alikataa vita vyote, vikiwemo vile ambavyo karibu kila Mkatoliki wa Marekani aliviona halali. Mara ya mwisho kukamatwa ilikuwa California mwaka 1973, akiwa na miaka 75, upande wa vibarua wa mashambani. Alifariki tarehe 29 Novemba 1980. Sisi huku hatuko mbali naye sana: mwaka 1970, katika safari ya kuzunguka dunia, alifika hata Tanzania, nchi iliyokuwa ikijaribu Ujamaa.

Kwanza, jua mchakato umefika wapi

Usianze kusaidia kabla hujajua kinachohitajika sasa. Kuna ngazi nne. Mtumishi wa Mungu ni yule ambaye mchakato wake umefunguliwa. Mstahili Heshima ni yule ambaye Papa ametambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Mwenyeheri anaruhusiwa kuheshimiwa hadharani katika jimbo, nchi au shirika fulani. Mtakatifu ni wa Kanisa zima. Mfiadini hufika uenyeheri bila muujiza. Asiye mfiadini anahitaji muujiza mmoja. Kufika utakatifu, wote wanahitaji muujiza uliotokea baada ya kutangazwa wenyeheri.

Kwa Dorothy, Kardinali John O'Connor, askofu mkuu wa New York wakati huo, alilitoa wazo hadharani mwaka 1997, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwake. Roma ikatoa kibali mwaka 2000, naye akaanza kuitwa Mtumishi wa Mungu. Maaskofu wa Marekani waliunga mkono mwaka 2012. Uchunguzi wenyewe wa kijimbo, yaani kuwahoji mashahidi na kukusanya nyaraka, ulianza 2016 na kufungwa tarehe 8 Desemba 2021, ambapo kurasa zipatazo 17,000 zilipakiwa kwenda Roma. Piga hesabu: kutoka kifo chake hadi mashahidi wanaanza kuhojiwa rasmi ni miaka 36. Wangapi waliokula naye, wakafungwa naye, wakagombana naye, walikuwa wameshazikwa?

Ngazi ndiyo inayoamua kazi. Mchakato ukiwa bado jimboni, kinachotafutwa ni mashahidi na nyaraka. Ukishafika Roma, wataalamu huandaa kitabu kikubwa cha hoja na ushahidi kinachoitwa Positio, na hapo mwamini wa kawaida hana cha kuongeza kuhusu maisha ya marehemu, isipokuwa awe na jambo zito ambalo halikujulikana. Mchango wake unabaki kwenye sala, kumfahamisha marehemu kwa watu, na kuripoti neema. Dorothy yuko hapo. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, Kongo, yuko mbele zaidi. Huyu alikuwa kijana mlei wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kipite. Alitangazwa Mwenyeheri kama mfiadini, Roma, tarehe 15 Juni 2025. Kwa hiyo uponyaji uliotokea kwa maombezi yake kabla ya siku hiyo, hata uwe wa ajabu namna gani, hauwezi kutumika kumfikisha utakatifu. Unaotakiwa ni wa baada ya hapo. Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini wanaosali kwake waweke tarehe hiyo akilini.

Tafuta mwenye kesi, usiunde kamati yako

Kila mchakato una mdai: jimbo, parokia, shirika au chama cha waamini kilichokubaliwa na askofu, ambacho ndicho kinachobeba jukumu na gharama. Mdai humteua msimamizi wa mchakato, ambaye wengi humwita postulata, na huyo ndiye mlango wa kila kitu. Kwa Dorothy, mchakato ni wa Jimbo Kuu la New York, na kuna chama cha kuusaidia kiitwacho Dorothy Day Guild kinachopokea wanachama kutoka popote. Kwa Mwalimu Julius Nyerere, jimbo ni Musoma. Kwa kawaida kesi hufunguliwa katika jimbo alikofia mtu, na Mwalimu alifia London tarehe 14 Oktoba 1999, lakini sheria inaruhusu mamlaka hiyo ihamishiwe kwa askofu mwingine penye sababu za msingi.

Andika barua fupi. Jitambulishe, taja parokia na jimbo lako, sema unaweza kutoa nini hasa: kutafsiri, kusambaza sala, kukusanya kumbukumbu, kuchangia. Mpe paroko wako nakala. Sipendi kabisa tabia ya kufungua kundi la WhatsApp, kulibatiza "Kamati ya Kumtangaza Mtakatifu Fulani," na kuanza kukusanya michango kabla jimbo halijasikia lolote. Hata nia ikiwa njema, siku zikiisha swali la kwanza litakuwa fedha ziko wapi.

Sali, bila kuvuka mstari

Kabla mtu hajawa Mwenyeheri, ibada ya hadhara kwake hairuhusiwi, na sheria hii ina meno. Kabla kesi haijaenda Roma, askofu au mjumbe wake hukagua kaburi, chumba alichofia na sehemu nyingine, kisha hutoa tamko kwamba hakuna ibada haramu iliyofanyika. Bidii ya waamini wasiojua sheria inaweza kuikwamisha kesi kwa miaka.

Unaruhusiwa kumwomba faragha akuombee, peke yako au mkiwa jumuiya nyumbani. Unaruhusiwa kusali novena (sala ya siku tisa), kutumia kadi ya sala yenye idhini ya mamlaka ya Kanisa, na kutembelea kaburi. Mnaruhusiwa kuuombea mchakato wenyewe: waamini wa Tanzania na Uganda wamekuwa wakikusanyika Namugongo kila tarehe 1 Juni kwa ajili ya mchakato wa Mwalimu, na wanachomwomba Mungu ni kwamba, akipenda, Mtumishi wake atangazwe. Misa pia inaweza kutolewa kwa ajili ya marehemu, kwani bado anaombewa kama marehemu mwingine yeyote.

Hamruhusiwi kumtaja katika litania ya watakatifu ndani ya ibada, kuweka picha yake altareni, kumchora na duara la mwanga kichwani, kukiita kigango kwa jina lake, au kupitisha masalia yake yaheshimiwe na watu. Na hapa niseme kuhusu vitenge, maana huku kwetu hakuna shughuli bila sare. Kitenge au fulana yenye picha yake na maneno "Mtumishi wa Mungu" sioni tatizo. Kikiandikwa "Mtakatifu Dorothy utuombee," fundi amewatengenezea kielelezo cha kesi dhidi yenu.

Sifa ya utakatifu yenyewe inatakiwa iwe imeota yenyewe miongoni mwa waamini, idumu, na ienee. Ikionekana imetengenezwa kwa matangazo, hiyo si sifa tena. Ndiyo maana kumfahamisha mtu kwa kusimulia aliyoyatenda ni msaada, na kulazimisha kila jumuiya isaini fomu ya kumuunga mkono ni hasara.

Waliomfahamu waandike sasa

Kama mchakato unaousaidia bado uko jimboni, au ni wa mtu wa kwenu aliyefariki karibuni, kazi ya kwanza kwa umuhimu ni mashahidi. Shahidi anayetafutwa zaidi ni aliyeona kwa macho yake. Anafuata aliyesikia kutoka kwa walioona. "Kila mtu anajua alikuwa mtu wa Mungu" si ushahidi. "Mwaka wa njaa nilimwona akigawa debe la mahindi la mwisho nyumbani kwake, mke wake akalalamika, yeye akamjibu hivi," huo ni ushahidi.

Usimhoji mzee kama mwandishi wa habari, wala usimfundishe cha kusema. Kazi yako ni kuandaa orodha: jina kamili, umri, anapoishi, alimfahamuje marehemu, kuanzia lini hadi lini, afya yake ikoje sasa. Wazee na wagonjwa wawekwe juu, kwa sababu sheria inaruhusu mashahidi walio hatarini kufa wasikilizwe mapema ili ushahidi usipotee. Asiyejua kuandika asimulie, mtu aandike maneno yake vile vile alivyoyasema, amsomee, kisha aweke dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Tarehe isisahaulike.

Katika orodha hiyo lazima wawemo waliompinga. Hili huwashtua watu. Mahakama ya Kanisa inawataka kabisa: mwajiri aliyegombana naye kwa kuwatetea vibarua, mwanachama aliyejitoa kwenye ushirika kwa hasira, jirani aliyemwona mkaidi. Orodha ya mashahidi 40 wanaoimba wimbo mmoja humtia mashaka padri anayeitwa promota wa haki, ambaye kazi yake ni kuhakikisha ukweli wote umetafutwa. Mashahidi wakishahojiwa wana kiapo cha kutunza siri. Usiwaulize jioni waliulizwa nini.

Karatasi zake

Maandishi yote yaliyochapishwa ya Mtumishi wa Mungu husomwa na wanateolojia angalau wawili, kila mmoja peke yake, kuona kama kuna kinachopingana na imani au maadili. Barua, shajara na maandishi mengine yasiyochapishwa hukusanywa na tume ya watu wasiopungua watatu wenye ujuzi wa historia na nyaraka. Kwa mwanaharakati hapa ndipo penye mlima. Dorothy aliandika kwenye gazeti lake kwa karibu miaka 50. Aliandika barua mfululizo, na aliacha shajara zilizofungwa zisisomwe hadi miaka 25 baada ya kifo chake. Hazina kuu ya karatasi hizo iko Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee. Watu wa kujitolea walikaa wakizichapa upya kutoka kwenye mwandiko wake wa mkono, kazi ambayo haina shangwe yoyote lakini bila hiyo sanduku lisingefungwa.

Mwanaharakati wa kwetu hataacha hazina chuo kikuu. Ataacha mihutasari ya vikao vya ushirika, barua kwa mkuu wa wilaya, kanda za kaseti, madaftari ya shule yenye hotuba, ujumbe kwenye simu ya mtoto wake. Ukikabidhiwa kitu, fanya hivi. Usiandike juu yake wala kukipiga lamineti. Kipige picha pande zote mbili mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Kwenye karatasi nyingine andika ni nini, kilitoka kwa nani, kilikuwa kimehifadhiwa wapi, na ulikipokea lini. Kiweke kwenye bahasha ya kaki mahali pakavu, mbali na mchwa na jiko. Mwenye nacho akikataa kukitoa, mwachie. Omba nakala tu, na umweleze kwamba jimbo linaweza kumwita. Vya serikalini na polisi navyo vitafutwe na tume kwa njia rasmi: FBI walikuwa na faili la Dorothy, na faili la mtu anayekushuku lina tarehe na mahali ambapo marafiki zako wamesahau.

Yasiyopendeza yasifichwe

Wasaidizi wengi huharibu hapa kwa mapenzi. Wakitunga historia fupi ya maisha wanaruka talaka, mtoto wa nje, kadi ya chama, ugomvi na paroko. Kisha mashahidi wa upande wa pili wanafika na kuyasema yote, na kila kilichoandikwa kabla kinaonekana uongo.

Angalia walivyofanya New York. Kardinali O'Connor alikuwa mmoja wa wapinzani wakubwa wa utoaji mimba nchini Marekani, lakini alipopeleka ombi alilitaja wazi jambo la Dorothy kutoa mimba, na akalihesabu kuwa sehemu ya safari yake ya kuongoka. Wapo pia waliomwogopa kwa sababu ya usoshalisti wake wa ujanani. Papa Benedikto XVI alimtaja kwa heshima tarehe 13 Februari 2013 kama mfano wa mtu aliyegeukia imani kutoka mbali, na Papa Fransisko alimtaja mbele ya Bunge la Marekani tarehe 24 Septemba 2015. Ukweli uliosemwa mapema haukumzuia.

Kuna jingine linalomhusu mwanaharakati zaidi: ugomvi wake na wakubwa wa Kanisa. Mwaka 1949 wachimba makaburi wa makaburi ya Kikatoliki New York waligoma. Kardinali Spellman, askofu mkuu wa New York wakati huo, aliwapeleka waseminari wakachimbe wao. Dorothy alisimama na wagomaji na kumwandikia Kardinali barua. Jimbo kuu lile lile ndilo leo linaloibeba kesi yake. Kwa hiyo ukikuta barua ambayo marehemu wenu anamkosoa askofu, usiichane. Kinachopimwa ni kama alikosoa kwa upendo na kama alibaki katika ushirika wa Kanisa, na barua yenyewe ndiyo itakayoonyesha.

Kwa wanasiasa ugumu ni mkubwa zaidi. Anayemsaidia Mwalimu Nyerere lazima akubali kuzungumzia watu waliowekwa kizuizini bila kesi na familia zilizohamishwa kwa nguvu wakati wa vijiji vya Ujamaa. Kama unaona maswali hayo ni ya maadui tu, bado hujawa tayari kwa kazi hii.

Ukipata neema, au ukiona uponyaji

Hii ndiyo sehemu ambapo mtu wa Mbeya, Mombasa au Bukavu anaweza kuisukuma kesi ya mtu wa New York kuliko msomi yeyote wa huko. Uchunguzi wa muujiza hufanyika katika jimbo ulipotokea. Mtoto akipona Sumbawanga kwa maombezi ya Dorothy Day, askofu wa Sumbawanga ndiye atakayeunda mahakama ya uchunguzi, kwa ombi la postulata.

Tofautisha mambo mawili. Neema ni jambo lolote jema ulilopata baada ya kuomba: ndoa iliyopatana, kazi, mtoto aliyeacha pombe. Zote ziandikiwe postulata, kwa sababu zinaonyesha kwamba watu wanamkimbilia. Muujiza unaoweza kupelekwa Roma ni kitu kingine. Karibu siku zote ni uponyaji: ugonjwa mzito uliothibitishwa, kupona haraka, kupona kabisa, kupona kwa kudumu, na madaktari kukosa maelezo ya kisayansi. Malaria iliyopona baada ya dawa haimo. Saratani iliyopungua wakati mgonjwa anapata tiba ni ngumu mno kuitetea. Roma, jopo la madaktari huwa na watu hadi saba, na ili kesi ipite wanatakiwa angalau watano kati ya saba, au wanne kati ya sita, wakubali kwamba haielezeki. Baada yao wanateolojia wanauliza swali la pili: aliombwa nani?

Swali hilo la pili ndilo linalotuangusha. Mgonjwa akizidiwa sisi humwita kila mtu wa mbinguni: Mama Maria, Mtakatifu Yuda Tadei, Mtakatifu Rita, Mtakatifu Antoni, na Mtumishi wa Mungu mwishoni kama kiungo. Kumwomba Mama Maria hakuharibu kitu, kila Mkatoliki humwomba. Lakini kama novena nne za watakatifu wanne zilikwenda sambamba, hakuna atakayeweza kusema ni ya nani iliyojibiwa. Jumuiya ikiamua kumwombea mgonjwa kwa maombezi ya Dorothy, iamue kwa pamoja, iandike kwenye daftari la jumuiya tarehe ya kuanza, sala iliyotumika na waliohudhuria. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "leo saa mbili usiku tunaanza novena kwa Dorothy Day kwa ajili ya mama yetu aliyeko wodini" ni hati nzuri kuliko kumbukumbu za miaka kumi baadaye, kwa sababu una tarehe na saa. Hifadhi mazungumzo yote nje ya simu. Simu huibiwa.

Kisha hospitali. Mgonjwa wetu huzunguka: zahanati, hospitali ya wilaya, ya rufaa, na kila mahali panabaki kipande cha habari. Masijala za hospitali hazitunzi mafaili milele. Kwa hiyo ndani ya wiki chache baada ya kupona, mgonjwa mwenyewe, au mzazi kama ni mtoto, aombe kwa barua nakala zenye mhuri: majibu ya maabara ya kabla na baada, picha za eksirei na CT pamoja na maelezo ya daktari aliyezisoma, majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) kama kilichukuliwa, orodha ya dawa alizopewa na tarehe zake, na fomu ya kuruhusiwa. Fomu hiyo ya mwisho hupuuzwa, na ndiyo yenye maoni ya daktari siku ya kutoka. Kama hakuna kipimo cha kabla, hakuna kesi. Kama hakuna cha baada, rudi upimwe hata kama unajisikia mzima kabisa, na upimwe tena baada ya mwaka, kwa sababu "kupona kwa kudumu" hakuthibitiki kwa kusema.

Usimwombe daktari aandike neno "muujiza." Si kazi yake, na daktari makini atakasirika. Mwombe aandike alichokiona, alitarajia nini kingetokea, na nini kilitokea. Daktari Mwislamu au asiye na dini anafaa sana kuwa shahidi.

Barua kwa postulata isizidi kurasa mbili. Andika kwa utaratibu wa siku: ugonjwa ulianza lini, nani aligundua, hali ilifikia wapi. Nani alipendekeza kumwomba Mtumishi wa Mungu, na alimjuaje. Sala ilianza lini, akina nani waliisali. Badiliko lilionekana lini, saa ngapi, nani aliliona kwanza. Dawa gani zilikuwa zikitumika siku hiyo. Hali sasa ikoje. Majina ya madaktari na hospitali. Weka sahihi, namba ya simu, na jina la paroko. Acha mahubiri. Sentensi kama "hapo ndipo nilipojua Mungu ni mkuu" ni ya kweli lakini msomaji wa Roma anatafuta tarehe.

Mpaka askofu aseme lolote, usiitangaze kanisani kama muujiza wala kuirusha mitandaoni. Mgonjwa ana haki ya siri ya afya yake, na mashahidi wakishasoma simulizi lako Facebook hawataweza tena kutofautisha walichoona na walichosoma.

Fedha

Mchakato una gharama halali: wataalamu, tafsiri, nakala, uchapaji wa Positio, safari. Mwaka 2016 Roma ilitoa kanuni mpya: kila kesi iwe na mfuko wake, msimamizi wa fedha aliyeidhinishwa, na hesabu za kila mwaka, na fedha zilizotolewa kwa ajili ya kesi zisihamishiwe jambo jingine bila kibali. Una haki ya kuomba stakabadhi na kuuliza hesabu hukaguliwa na nani. Ukiambiwa maswali hayo ni ukosefu wa imani, tunza hela yako.

Kwa mtu kama Dorothy, aliyeishi kwa ufukara wa hiari, wako wanaouliza kwa nini fedha hizo zisilishe maskini. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba yote mawili yaende pamoja: jumuiya inayochangia mchakato wake bila hata kuwa na mfuko wa unga kwa wajane wa mtaani kwake inamsaidia mtu isiyemjua.

Kama mnataka kuanzisha wa kwenu

Inawezekana mwanaharakati mlei wa parokia yenu hana mchakato wowote. Ombi haliwezi kuwasilishwa kabla ya miaka mitano tangu kifo, na muda huo si wa kulala. Tengenezeni orodha ya mashahidi na kukusanya karatasi kama nilivyoeleza, mkimjulisha paroko. Andikeni mambo makuu ya maisha yake kwa mpangilio wa miaka, bila sifa za kupamba. Miaka mitano ikipita, mdai humteua postulata kwa idhini ya askofu, naye huwasilisha ombi pamoja na maisha hayo, maandishi yaliyochapishwa na orodha ya mashahidi. Askofu hushauriana na maaskofu wenzake, huwatangazia waamini ili mwenye lolote, zuri au baya, alilete, na huuliza Roma kama kuna kizuizi.

Askofu anaweza kukataa, au kusema bado. Msimshambulie. Ombeni sababu kwa maandishi, endeleeni kutunza nyaraka, na muweke nakala moja ya kila kitu kwenye hifadhi ya jimbo badala ya nyumbani kwa katibu wa kamati. Makatibu huhama, huugua, na watoto wao huuza makaratasi kwa wafunga karanga.